Daraja kwanza, ghala baadaye: Namna ya kupanga mistari ya jedwali la mnada

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

MSIMU wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, swali linalosikika katika vijiwe vya kahawa kuanzia Mkanaledi hadi Mikindani ni moja tu: mnada umetoka ngapi? Na jibu nalo huwa moja, yaani tarakimu nne zinazopita mdomo kwa mdomo mpaka zifike Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma zikiwa zimekwisha ongezewa chumvi.

Kwa mnywaji wa kahawa tarakimu hizo zinatosha. Kwa mfanyabiashara aliyetenga fedha za kununua, kubangua au kusafirisha, hazitoshi hata kidogo. Karatasi ya matokeo ya mnada ina mistari mingi: tarehe, ghala, chama cha msingi, daraja, kilo, bei, mnunuzi. Msimu ukifika katikati mistari hiyo imekuwa mamia, na mwenye kompyuta huifupisha kwa jedwali la pivoti la programu ya Excel. Hapo ndipo makosa yanapoanza. Jedwali hilo hujumlisha kwa usahihi, lakini hujibu swali lile tu ambalo limeulizwa. Na swali huulizwa kwa jambo moja linalodharauliwa na wengi, nalo ni mpangilio wa vichwa vya mistari, kipi kitangulie na kipi kifuate.

Mwandishi wa makala haya ana shahada ya biashara, na somo la kompyuta alilifaulu. Hata hivyo, somo hili la mistari hakulipata darasani. Alilipata sebuleni kwa mjomba wake hapa mjini, na nusura ligharimu kikundi cha watu wanane fedha walizokusanya kwa zaidi ya mwaka.

Kikundi hicho kilitaka kumkopesha mtaji mbanguaji mdogo mwenye leseni ili anunue tani 20 za korosho ghafi. Masharti yake yalikuwa mepesi: alihitaji daraja la kwanza peke yake, kwa kuwa faida ya mbanguaji imo katika korosho nzima zisizovunjika, na daraja la pili halimpi za kutosha. Wanakikundi walitaka kujua wamwelekeze ghala gani. Mjomba akasema, "Mpwa wangu amesoma mambo hayo, atatutengenezea."

Nikatengeneza. Nilichukua matokeo ya minada kadhaa, nikayaingiza kwenye Excel, nikaweka jina la ghala kwenye mistari na bei kwenye hesabu, nikachapisha karatasi moja safi. Tarakimu nitakazozitoa hapa nimezilainisha ili zisimtaje mtu wala ghala la mtu. Msomaji asizichukue kuwa bei za mahali fulani. Maghala yenyewe tuyaite Ghala la Juu, kwa maana ya huko uwanda wa Makonde, na Ghala la Pwani, huku chini karibu na bahari. Karatasi yangu ilisema hivi: Ghala la Juu, wastani sh. 3,420 kwa kilo. Ghala la Pwani, wastani sh. 3,250.

Tofauti ni sh. 170. Kwa kilo 20,000 hiyo ni sh. 3,400,000. Kikao kilichukua dakika chache tu, wakaafikiana kwenda Pwani.

Bahati nzuri palikuwa na mzee mmoja, karani mizani mstaafu, ambaye alikuja kwa ajili ya chai tu. Akaishika karatasi, akaigeuza kana kwamba kuna maandishi nyuma, kisha akaniuliza, "Kijana, daraja umelizika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwenye kompyuta, nikaongeza kichwa cha daraja chini ya ghala, na jedwali likawa hivi:

Ghala la Juu: tani 100, sh. 3,420
— Daraja la kwanza: tani 90, sh. 3,500
— Daraja la pili: tani 10, sh. 2,700
Ghala la Pwani: tani 100, sh. 3,250
— Daraja la kwanza: tani 60, sh. 3,550
— Daraja la pili: tani 40, sh. 2,800

Msomaji atazame vizuri. Daraja la kwanza la Pwani ni ghali kuliko la Juu kwa sh. 50. Daraja la pili la Pwani nalo ni ghali kuliko la Juu, kwa sh. 100. Pwani ni ghali katika madaraja yote mawili, lakini ukiyachanganya inaonekana rahisi. Sababu ni kwamba Pwani ilipeleka mnadani daraja la pili jingi, na hilo ndilo lililouvuta wastani chini. Wataalamu wa takwimu wanaufahamu mtego huu na wameupa jina la Simpson, mtakwimu Mwingereza aliyeuandikia mwaka 1951. Mzee wetu hakumjua Simpson, ila alijua kuwa gunia si gunia mpaka lifunguliwe.

Kikundi kingepanga bajeti ya sh. 65,000,000 kwa bei ya 3,250, na kingefika mnadani kikute daraja la kwanza linadai sh. 71,000,000. Upungufu ni sh. milioni sita. Kwa kampuni kubwa inayopakia meli bandarini hiyo ni fedha ya kahawa; kwa watu wanane wenye vibanda vya duka, ndiyo mtaji wenyewe.

Sasa twende kwenye chombo chenyewe. Jedwali la pivoti si kitu kipya. Fikra yake ilizaliwa katika kampuni ya Lotus ya Marekani, ambako Pito Salas na wenzake waliiweka katika programu iliyoitwa Improv mwaka 1991. Microsoft nayo ikaiingiza katika Excel mwaka 1993. Kazi yake ni ile iliyofanywa na karani wa leja zamani, yaani kuchukua mistari ya daftari kuu na kuipanga katika mafungu, kila fungu na jumla yake. Tofauti ni kwamba karani alitumia siku mbili kupanga mafungu kwa namna moja, nawe unayabadili kwa kuburuta kipanya.

Ukilifungua utaona orodha ya vichwa vyote vya safu za daftari lako, na chini yake visanduku vinne. Kile cha chini kushoto, kilichoandikwa Rows, ndicho cha mistari. Kichwa unachokitupia humo kwanza huwa baba, na kinachofuata chini yake huwa mtoto, na cha tatu mjukuu. Kila baba hupata jumla yake, na watoto hupangwa ndani ya baba yao peke yake. Hiyo ndiyo kanuni yote. Vichwa vitatu vinaweza kupangwa kwa njia sita, vinne kwa njia 24, na vitano kwa njia 120. Jumla kuu ya mwisho haitabadilika katika njia yoyote kati ya hizo, na ndiyo maana wengi hudhani mpangilio ni urembo. Kinachobadilika ni jumla ndogo, na mfanyabiashara huamua kwa jumla ndogo.

Nilipolipeleka daraja juu na ghala chini, nililolifanya lilikuwa kuvuta jina moja juu ya jingine, kazi ya sekunde mbili. Jedwali likageuka:

Daraja la kwanza: tani 150, sh. 3,520
— Ghala la Juu: tani 90, sh. 3,500
— Ghala la Pwani: tani 60, sh. 3,550
Daraja la pili: tani 50, sh. 2,780
— Ghala la Juu: tani 10, sh. 2,700
— Ghala la Pwani: tani 40, sh. 2,800

Tarakimu ni zile zile nane za awali kwa ndani, lakini sasa zile zinazopaswa kulinganishwa zimekaa jirani. Katika mpangilio wa kwanza, ili ulinganishe daraja la kwanza la maghala mawili ilibidi uruke mistari. Na pakiwa na maghala kumi utaruka mpaka usahau ulikotoka. Kanuni ninayoitumia tangu siku ile ni hii: kile unacholinganisha kiwe mtoto wa mwisho, na kile ambacho hutaki kikuchanganye kiwe baba. Mnunuzi analinganisha maghala, basi ghala liwe chini na daraja liwe juu. Mwenyekiti wa chama cha msingi anayetaka kujua wakulima wake wanapoteza kiasi gani kwa kuanika vibaya analinganisha madaraja, kwa hiyo kwake ghala au chama kiwe juu na daraja chini. Daftari ni moja na watu ni wawili, kila mmoja na mpangilio wake.

Hapa lazima niseme neno kuhusu wastani, kwa sababu kosa langu la kwanza lilikuwa na ndugu yake. Ukiburuta bei kwenye kisanduku cha hesabu na kuiambia Excel itoe wastani, itajumlisha bei na kugawa kwa idadi ya mistari. Haijali kwamba mstari mmoja ni wa tani 90 na mwingine ni wa tani 10. Katika mfano wetu, ambako kila ghala lina mstari mmoja kwa kila daraja, wastani huo wa kawaida ungelipa Ghala la Juu sh. 3,100 na Ghala la Pwani sh. 3,175, tarakimu ambazo hakuna kilo hata moja iliyouzwa kwa bei hizo wala fedha iliyopatikana kwa hesabu hizo. Dawa yake ni kuwa na safu ya thamani, yaani kilo mara bei, halafu ndani ya jedwali uunde kichwa cha hesabu kinachogawa thamani kwa kilo. Excel hufanya kazi hiyo kwa kujumlisha kwanza thamani zote za fungu, kujumlisha kilo zote za fungu, ndipo igawe. Kwa hiyo kila baba na kila mtoto hupata wastani unaofuata uzito, na ukiubadili mpangilio wa mistari wastani nao unajipanga upya bila wewe kugusa kitu. Tarakimu zilizomo katika majedwali mawili ya hapo juu zimepatikana kwa njia hiyo.

Jambo jingine linalowasumbua wa huku kwetu ni mfuatano wa minada. Watu huandika Mnada 1, Mnada 2 na kuendelea mpaka Mnada 10 na zaidi. Excel huyaona hayo kuwa maneno, na maneno hupangwa kwa herufi. Matokeo yake, Mnada 10 unakaa mara baada ya Mnada 1, na Mnada 2 unafuata nyuma yake. Mtu akiisoma bei kutoka juu kwenda chini ataona imepanda, imeshuka, imepanda, kumbe soko lilikuwa likishuka pole pole wiki hata wiki. Andika namba tupu, au andika Mnada 01, Mnada 02, na shida itakwisha. Waweza pia kushika jina kwa kipanya na kulisogeza kwa mkono mahali pake. Lakini ukipanga kwa mkono ujue kuwa mnada mpya wa wiki ijayo utajiweka mwisho kabisa wa orodha, hata kama mahali pake ni katikati.

Miezi ina kisa chake. Msimu wetu unaanza Oktoba na kuvuka mwaka. Nusu ya pili ya msimu inaweza kuangukia Januari. Hiyo ndiyo neema ya kusini, maana korosho za Afrika Magharibi huvunwa zaidi kati ya Februari na Juni, nasi tunaingia sokoni wakati wanunuzi wa India na Vietnam maghala yao yamepungua. Lakini Excel inaijua kalenda tu, haiujui msimu. Ukikusanya tarehe kwa miezi bila mwaka, Januari itakaa juu ya Oktoba kana kwamba ndiyo iliyofungua msimu, na vibaya zaidi, Januari za miaka yote zitatiwa katika fungu moja. Njia niliyoiona kuwa salama ni kuongeza safu ya msimu katika daftari lenyewe, mathalani 2024/25, na kuifanya kuwa baba wa wote, kisha namba ya mnada chini yake. Mwezi hauhitajiki tena.

Tarehe zenyewe ni za kuangaliwa kabla ya hayo yote. Kompyuta nyingi zinauzwa zikiwa na mpangilio wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi. Ukiandika 11/10/2024 ukimaanisha tarehe 11 Oktoba, itaelewa tarehe 10 Novemba na haitakwambia. Ukiandika 25/10/2024 itashindwa kabisa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na itaiacha kuwa neno tu. Kwa hiyo nusu ya minada yako imehamia miezi mingine, na nusu haikubali kukusanywa. Ukiona Excel inakataa kukusanya tarehe, usiilaumu. Nenda kwenye mipangilio ya kompyuta uiambie iko Tanzania.

Nikiwa bado kwenye misimu, kuna mmoja unaotaka uangalifu wa peke yake. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei zilizotolewa mnadani, na tarehe 12 Novemba mwaka huo Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa sh. 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Anayepanga jedwali la miaka mingi akaweka msimu juu ataona mstari wa 2018/19 umenyooka kama rula. Huo si utulivu wa soko. Ile ilikuwa bei ya kutangazwa, na kuitia katika wastani pamoja na bei za ushindani ni kuchanganya pweza na papa katika tenga moja. Ama iondoe kwa kichujio, ama weka safu nyingine yenye maneno mawili tu, mnada na tangazo, na uifanye kuwa baba wa msimu.

Hali kadhalika, kuna suala la majina. Vyama vikuu vinajulikana: MAMCU kwa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala, na wenzao wa Lindi na Ruvuma. Hivyo havisumbui. Kinachosumbua ni vyama vya msingi, ambavyo ni vingi, na majina ya vijiji huandikwa kila karani apendavyo. Excel haijali herufi kubwa wala ndogo, lakini nafasi moja iliyoachwa mwishoni mwa jina inatosha kukifanya chama kimoja kuwa viwili. Niliwahi kuona chama cha kijiji kimoja cha mwambao kimetokea mara tatu katika jedwali, kila mara na kilo zake, na mwenye karatasi akalalamika kwamba uzalishaji wa kijiji hicho umeanguka. Haukuanguka, ulikuwa umegawanywa mafungu matatu. Kabla hujapanga mistari, weka jina la chama peke yake kwenye kisanduku cha mistari, panga kwa herufi, usome orodha nzima kama unavyosoma majina ya mirathi. Ndugu wa uongo wataonekana wamekaa jirani.

Safu ya kilo nayo isafishwe. Neno moja likiingia humo, kwa mfano mtu kaandika "12,500 kg" badala ya 12500, jedwali linaweza kuacha kujumlisha na kuanza kuhesabu mistari, ukaletewa kwamba ghala lina kilo 14. Ukiona tarakimu ndogo ya ajabu, bonyeza mara mbili juu yake. Excel itakufungulia ukurasa mpya wenye mistari yote iliyozaa tarakimu hiyo, kama vile kumwambia mwendesha ghala akufungulie mlango uhesabu magunia mwenyewe. Katika mambo yote ya chombo hiki, hili ndilo ninalolipenda zaidi, na ndilo ninaloona watu wengi hawalijui.

Kuhusu sura ya jedwali nitasema kwa kifupi. Tangu toleo la 2007, Excel huwarundika baba, mtoto na mjukuu katika safu moja, mtoto akisogezwa ndani kidogo. Inapendeza kwenye kioo, lakini ukinakili kwenda mahali pengine huwezi kuwatofautisha. Katika ukurasa wa Design, chini ya Report Layout, chagua umbo la jedwali ambalo humpa kila kichwa safu yake, na uamuru majina yarudiwe kila mstari, huduma iliyokuja na toleo la 2010. Pia usisahau kulihuisha jedwali kila unapoongeza mnada mpya, maana katika matoleo mengi ya Excel halijihuishi lenyewe kila unapoandika mstari. Nimewaona watu wazima wakibishana juu ya bei ya wiki iliyopita wakidhani ni ya jana.

Somo hili si la korosho peke yake. Ufuta na mbaazi nazo zimeingizwa katika stakabadhi ghalani, mfumo ambao kwa korosho ulianzia hapa Mtwara msimu wa 2007/08, na msimu wa 2024/25 minada ya korosho iliendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Matokeo yanayotoka kompyutani moja kwa moja yamemwondolea mfanyabiashara kazi ya kunakili. Kazi ya kufikiri amebaki nayo.

Hata mwambao, ambako hakuna mnada wa namna hiyo, mistari ina maneno yake. Wachuuzi wa pweza wa Msimbati na vijiji vya jirani, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, hawaendi na kalenda ya ukutani. Pweza hupatikana zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kuwa wazi. Wakati wa maji mafu wengi hukaa nyumbani. Anayepanga mauzo yake kwa miezi ataona miezi yote inafanana, kwa kuwa kila mwezi una bamvua zake. Aongeze safu moja ya hali ya maji, aiweke iwe baba, na siku ziwe watoto. Ataona mara moja ni siku gani barafu inunuliwe na ni siku gani ni hasara. Excel haina neno bamvua, lakini haikatai kufundishwa.

Turudi sebuleni kwa mjomba. Kikundi kilipoona jedwali la pili kilikaa kimya, kisha mmoja akasema basi tumpeleke mbanguaji Juu, tutaokoa sh. 50 kwa kilo, milioni moja nzima. Watu wakaanza kutabasamu tena. Mzee karani akaweka kikombe chini. "Na lori?" akauliza.

Kusomba mzigo kutoka uwandani mpaka hapa mjini, kwa bei waliyopewa siku ile, ilikuwa zaidi ya kusomba kutoka Ghala la Pwani kwa sh. 45 kwa kilo. Kati ya zile hamsini zikabaki sh. tano. Kwa tani 20 hizo ni sh. 100,000, na bado hujamlipa mtu wa kwenda kusimamia upakiaji. Daftari langu halikuwa na safu ya usafiri, kwa hiyo hakuna mpangilio wa mistari ambao ungeionyesha.

Wakaenda Pwani kama walivyokuwa wameafikiana mwanzo, isipokuwa safari hii na bajeti ya sh. 71,000,000. Milioni sita zilizopungua walizitafuta kwa wiki mbili, mnada mmoja ukawapita, na wakanunua katika uliofuata. Mjomba bado ananiita mtaalamu, lakini karatasi yangu haisomi mpaka mzee awe ameipitia.